Binti Yangu Mwigizaji Ananizidi Miaka Thelathini

Jumatatu, 4 Machi

Leetia Kublu ametua! Mwigizaji wetu amerudi kijijini, huku kaskazini kwenye barafu, kupiga filamu aliyoiandika mwenyewe. Ijumaa anaondoka. Lazima asome muswada wangu wa filamu kabla hajapanda ndege. Tatizo: mimi hata mwenye duka siwezi kumsemesha.

Faida: mimi ni mama yake. Nilipozaliwa nilipewa jina la marehemu mama yake, Tagalik, na kwetu anayebeba jina ndiye mwenyewe. Basi yeye ni binti yangu, ingawa mimi ni mvulana wa miaka kumi na sita. Leo dukani kanikumbatia mbele ya watu, mama hujambo, mama umekonda. Nikakimbia. Muswada mfukoni!

Jumanne, 5 Machi

Mpango: kuamuru. Mama haombi. Nimemfuata ukumbi wa shule, nikamwambia (kwa sauti ya mbu) kwamba mwana mtiifu husoma anachopewa na mama yake. Akajibu sawa mama, ila mama hakuwa akimwacha atoke na viatu vilivyochanika. Akanivulia viatu vyake vya ngozi ya sili, mnyama wa baharini. Nimeshona jioni nzima. Vidole vyote vina matundu.

Jumatano, 6 Machi

Nimerudisha viatu. Binamu yangu Jupi, anayebeba taa za filamu na kujiona bosi, akauliza mbona mama wa nyota kaja mikono mitupu, hapiki? Kicheko ukumbi mzima. Nikaenda kukaanga mkate. Nje mkaa, ndani uji. Leetia kaumaliza wote, akasema marehemu naye alikuwa hajui kupika hata kidogo. Machozi yakamlengalenga. Nikaona vibaya kutaja muswada. Mjinga mimi!

Alhamisi, 7 Machi

Kauomba mwenyewe! Kausomea juu ya sleji ya kukokotwa na mbwa, mimi nimejibanza nyuma ya mbwa wenyewe. Akacheka. Ni hadithi ya huzuni!

Akaniita. Akasema watu wa filamu wa kusini walimpa kuigiza wanawake wa kufa kwenye theluji, filamu baada ya filamu, mpaka akawa anajua kuanguka kuliko kutembea. Ndiyo maana akashika kalamu, apate mwanamke wa kuishi. Leo mama yake mwenyewe anamuua kwenye theluji, tena ukurasa wa tatu! Mama, huna huruma? Akasema niandike upya, mwanamke awe na ulimi, awe na wivu, acheze karata kwa hila. Nikimaliza nimtumie, atasoma.

Ijumaa, 8 Machi

Ndege imeondoka. Uwanjani nilimwambia afunge koti. Akafunga! Mbele ya Jupi!

Nimeandika tangu hapo. Somo limeniingia barabara. Mwanamke wangu sasa ana ulimi, ana wivu, karata anaiba waziwazi. Kwenye theluji hafi ng'o.

Anazama baharini. Ukurasa wa pili.