Kamati ya Kuuamini Mfumo

Ofisi yetu hapa Ngara inayo furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia mwezi huu wananchi wote wanauamini mfumo wa kuomba hati za ardhi mtandaoni. Azimio limepitishwa na Kamati ya Kuuamini Mfumo, ambayo mimi ni katibu wake. Kilichobaki ni kuwajulisha wananchi wenyewe.

Tulianzia Ntobeye. Mwenyekiti wetu, Bwana Juvenali, aliisogeza simu yake kwenye kipaza sauti ili watu waisikie ikitamka, "Ombi lako limepokelewa." Mtandao ulikuwa bado unatafakari. Ghafla simu ikaita, naye akabonyeza haraka akidhani ndio mfumo.

"Mzee Juvenali!" uwanja mzima ukasikia. "Anuari hapa, kondakta wa basi la Bukoba. Ile bahasha ya maombi ya kiwanja chako unaleta, au niondoke?"

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti akafafanua kwamba huo ni utaratibu sambamba wa tahadhari.

Akasimama Ernesta, mjane ambaye shemeji yake ameshaleta mnunuzi kulikagua shamba la marehemu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mimi silali kwa sababu ya hilo shamba. Huko mtandaoni karatasi zangu zikipotea, sijui nimshike nani. Lakini bahasha yako huwezi kukubali ipotee. Weka na zangu humo humo."

"Mama, kiutaratibu haiwezekani."

"Yako imewezekanaje?"

Hapo foleni ikaanza. Kitaalamu tunasema mwitikio ulikuwa mkubwa. Kijiweni wanasema mzee alibanwa. Anuari alikataa kubeba mzigo wote huo bila mwenyewe, kwa hiyo Mwenyekiti akapanda basi, amekumbatia karatasi za kijiji kizima.

Kwenye ofisi ya ardhi ya Bukoba alipokelewa kwa heshima. Binti wa dirishani akamweleza kwamba hawapokei tena karatasi, siku hizi kila kitu ni mtandaoni, kwani mzee hajasikia?

Sasa yuko huko kwenye duka la intaneti, anawajazia watu maombi yao. La Ernesta limeshapokelewa, na nilifurahi sana kumwona akimwonyesha shemeji yake ujumbe kwenye simu. La Mwenyekiti mwenyewe linagoma.

Jana alinipigia, akauliza alalamike wapi. Nikamsomea mwongozo: malalamiko yote kuhusu mfumo yapelekwe kwa Mwenyekiti wa Kamati.