Malalamiko Juu ya Vijidudu Walioingia Bafu la Wageni Bila Hodi

Kwa Bwana Afya wa mtaa wetu,

Anayekuandikia ni fundi ambaye bomba likimwona tu linaacha kuvuja. Shule niliiacha mwenyewe kabla haijaniacha, lakini mabomba yote ya nyumba yetu niliyafunga kwa mikono hii. Shikamoo.

Juzi ulichota maji katika bafu letu la wageni, kisha ukatuletea majibu kwamba bombani mna bakteria, na kwamba ndio waliomlaza bibi yangu, aliyekuja kututembelea, hospitali kwa homa ya mapafu. Nalalamika rasmi:

1. Bafu lile ni la wageni. Sisi wenyeji tunaogea ndoo uani, na ufunguo anao mama. Ikiwa mimi niliyelijenga sijawahi kuoga humo, bakteria ni nani hata wanitangulie?

2. Unasema maji yakilala bombani miezi na miezi, wadudu huzaana. Maji yetu hayakulala, Bwana Afya. Yalikuwa yanamsubiri mgeni. Kumsubiri mgeni kumekuwa ugonjwa tangu lini?

3. Unasema hita niliiteremsha ikawa vuguvugu, nao wanapenda vuguvugu. Niliteremsha makusudi, ngozi ya bibi isiungue. Mtu akimtandikia bibi yake kitanda, kunguni akajilaza, kosa ni la aliyetandika?

4. Eti hawakuingia mdomoni kwa kunywewa, walivutwa na pumzi pamoja na manyunyu ya bomba la mvua! Basi hao ni wezi wa dirishani. Wapelekwe polisi, nawe uwe shahidi.

5. Umefunga mlango kwa utepe mwekundu, majirani wanachungulia, na shangazi ameniita Fundi Mapafu. Jina limenikaa kama gundi. Naomba uondoe utepe, uandike kwamba maji ni safi na bibi anaumwa uzee tu. Hospitali nao wabadilishe majibu yao yafanane na yako.

Nisalimie mama watoto, watoto, na wote ofisini, hata yule aliyekanyaga sakafu ya wageni na viatu.

Wako katika mabomba,
Fundi Asiye na Mpinzani

Nyongeza: Utepe usiuondoe. Nimetoka kumwona bibi. Anapumulia mpira. Siku ile aliomba ndoo na kopo, aoge uani kama sisi. Mimi ndiye niliyekataa, nikachukua ufunguo kwa mama, nikasimama nje ya mlango nikimuuliza kila mara kama maji ni matamu. Alijibu ni matamu, huku anakohoa, akazidi kukaa humo ili nifurahi.