Namba Mpya ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Miezi minne tangu mke wangu aende ng'ambo kuuguza wazee wa watu. Leo nimetengeneza saa mbili za ukutani. Zote zinatembea. Simu yangu ndiyo iko kimya. Shemeji, kaka yake, anatengeneza simu meza ya jirani. Kabandika tangazo: usimpe mtu tarakimu zinazoingia kwenye simu yako, awe nani awe nani. Alipokuwa akibandika, macho kwangu. Mjivuni!

Jumanne, 4 Machi
Ujumbe! Namba ngeni. "Mpenzi, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba mpya. Nimekukumbuka sana." Sana! Mke wangu huandika "umefunga madirisha?" basi. Nimeusoma mara saba, mara moja nikiwa nimesimama. Shemeji akasema huyo ni tapeli, nipige ile namba ya zamani nisikie sauti. Nikamwambia mimi si mtoto, nitamtega. Nikauliza: siku tuliyokutana ulivaa nini? Jibu: "Ile nguo uliyoipenda." Kweli niliipenda! Nani mwingine angejua?

Jumatano, 5 Machi
Kaomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu, eti arudishe picha zetu. Picha zetu! Nimetuma tarakimu kabla hajamaliza kuandika "tafadhali". Dakika tano, nimefungiwa nje ya akaunti yangu mwenyewe ya ujumbe. Adhuhuri mama mkwe kaja anahema, kaniletea bandeji. Eti nimemwandikia kwamba nimevunjika mguu. Kanikuta nimesimama kwa miguu yote miwili. Hakufurahi hata kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Amepiga! Mke wangu, sauti yake hasa. Kasema jana alipata ujumbe kutoka kwangu: kitanda kimekuwa kipana mno, na kila asubuhi natoa vikombe viwili kwa kusahau. Akalia. Kisha ukafuata wa kuomba hela, akashtuka. "Ndiyo maana nimepiga," akasema. "Kabla sijaamini, nisikie sauti yako."
Halafu: "Yale ya vikombe, uliandika wewe au yule mwizi?"
Nikasema mimi. Mungu anisamehe. Lakini kitanda ni kipana kweli.
Akaniapisha: ujumbe wowote unaomhusu, nimpigie kwanza. Nikaapa kwa moyo wote. Shemeji kanirudishia akaunti bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi
Ujumbe: kifurushi chako kutoka ng'ambo kimezuiliwa, bonyeza hapa, jaza jina, tarehe ya kuzaliwa na nenosiri. Kutoka ng'ambo! Huko nina mtu mmoja tu duniani. Asubuhi nzima nawaza kilichomo. Labda sweta. Labda amelivaa kwanza, lina harufu yake. Nikashika simu nimpigie. Nikaiweka. Mtu kajinyima ili anishtukize kwa zawadi, halafu mimi nimharibie? Mapenzi hayaulizwi maswali. Nimejaza kila kitu, polepole, nisikosee hata herufi.