Hotuba ya Kumuaga Mpiga Chapa wa Chumba Namba Nne

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, waheshimiwa wajumbe, wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara, wasaidizi wa makaimu, mke wangu mpendwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya makaimu.)

Nimesimama hapa mimi, Mkurugenzi wenu mchapakazi, kumuaga mama yetu mpiga chapa, ambaye mimi na yeye tuna kile sisi wataalamu tunachokiita long-standing working relationship, yaani, kwa lugha nyepesi, we go way back, tangu enzi za taipureta, miaka ishirini na miwili, na muda wote huo amekuwa strategic partner wangu geuza ukurasa. (Kicheko.) Msicheke! Mimi husoma kilichoandikwa. Hata mke wangu pale, ambaye ni key stakeholder wangu wa muda mrefu... (Sauti ya mkewe: “Baba watoto, sema mke! Kuna aibu gani?”)

Ndugu zangu, ni kwa kuthamini mahusiano ya namna hiyo ndipo nilipobuni, kwa akili yangu mwenyewe, Mpango wa Kuwathibitisha Kazini Watumishi wa Muda, ambao hadi robo hii ya mwaka umetekelezwa kwa asilimia tisini na saba nukta tatu, na mnufaika wake wa kwanza ni mama huyu, anayestaafu leo akiwa mtumishi kamili mwenye haki zake zote. (Makofi, vigelegele. Mama anafuta miwani.)

Uhusiano! (“Wa kudumu!”) Watumishi wa muda! (“Wathibitishwe!”)

Mwisho, nawashukuru kwa kunisikiliza, na kwa namna ya pekee namshukuru aliyechapa hotuba hii, anayejua fika kwamba bosi wake hasomi hotuba mpaka apande jukwaani, kwa hiyo bosi huyo ndiyo kwanza anagundua, pamoja nanyi, kwamba mpango huo haujawahi kuwepo (Mkurugenzi anaendelea kusoma), na kwamba barua ya kunithibitisha mimi mpiga chapa niliichapa mwenyewe miaka ishirini na mmoja iliyopita, ikalala kwenye droo yako ya chini, chini ya magazeti, bila sahihi, mpaka jana nilipoitoa. Inaniuma, bosi. Saa kumi natoka kama nilivyoingia, kibarua. Kalamu unayo mfukoni. Geuza ukurasa.

(Anageuza. Ni ile barua. Sauti ya mkewe: “Baba watoto, tunakusubiri!”)