Habari za Fundi Aliyeshinda kwa Kukalia Mikono

Tegeni masikio, enyi mliowahi kuapiza betri, nanyi mliomeza dawa mkasahau kama mmemeza! Sogezeni vigoda, zimeni redio, nipate kunena habari za Fundi, mwanamke wa mikono isiyotulia, mfungua vifuniko, mchokoa waya, ambaye hakuwahi kuona skrubu akaiacha ilipo.

Mama mkwe wake alikuwa na presha, na kidonge cha kumeza kila siku saa saba mchana. Mwezi uliopita alikimeza, akasahau, akameza kingine, akaanguka bafuni. Hofu ile ilimwingia Fundi hadi mifupani, naye akaapa kumjengea kisanduku cha dawa kitakacholia kwa saa yake, asimeze ila kikilia.

Kisanduku cha kwanza kilikesha. Chipu iliyokuwa ndani, isiyofundishwa kulala, ilipiga mapigo milioni nane kila sekunde ikingoja saa saba tu, ikamaliza betri kwa siku nne. Basi Fundi akailaza usingizi mzito, akaiachia ule mpigo wa polepole uliomo tumboni mwake yenyewe, usiokula kitu, uihesabie saa. Betri ikapona. Lakini mpigo ule ulikuwa kigeugeu: jikoni kukipata joto ulikokota miguu, na kisanduku kikalia saa nane kasorobo.

"Mkamwana," akanena Mama Mkwe kutoka kitini pake, "cha kwanza kimekufa, cha pili kimelewa. Nakupa leo tu. Kisipolia saa saba kamili nakitupa jalalani, nitegemee kichwa changu mwenyewe."

"Mama, si kichwa hichohicho kilichokuangusha bafuni?"

"Ndiyo maana nimekupa leo."

Fundi akaingia vitani. Kutoka katika saa mbovu ya mkono aliteka fuwele ishikayo mapigo ya saa, nyembamba kuliko punje ya mchele, itetemekayo mara elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane kwa sekunde, isiyoyumba kwa joto la jiko wala kuionea betri. Akailehemu. Akaigusa kwa ncha za mita ya umeme aone kama inapiga. Kimya! Akailehemu upya, akagusa, kimya. Mara tatu alishambulia, mara tatu akarudishwa nyuma, na mafuta ya kulehemu yakatapakaa ubaoni kama damu ya mashujaa.

Ikawa saa sita na robo. Mama Mkwe, aliyekuwa akikunja nguo, akauliza bila kuinua macho: "Hivi, kinanyamaza chenyewe, au kila unapokigusa?"

Fundi akaiweka mita chini, akaelewa. Fuwele ile ni dhaifu mno. Ncha ya mita tu yaikaba koo, na uchafu wa mafuta waimalizia pumzi. Akatwaa mswaki na spiriti, akausugua ubao hadi ukang'aa, akakitega kisanduku kilie saa saba, akafunga kifuniko. Ilikuwa saa sita na nusu. Ndipo likaja pambano kuu kuliko yote: asiguse.

Dakika ya kumi, mkono wa kulia ukanyemelea bisibisi. Akaukalia. Wa kushoto ukatoka kwenda kuuokoa mwenzake, akaukalia nao.

"Mama, nifungue kidogo tu, nione..."

"Kaa!"

"Na kikinyamaza?" Hakuogopa aibu, aliogopa lile bafu.

"Kikinyamaza tutalia sisi. Kaa, mwanangu."

Saa saba kamili kisanduku kikalia. Mama Mkwe akatoa kidonge, akakimeza, akashushia glasi nzima ya maji. Kisha akafungua dirisha, akampigia mbiu jirani yake, mshonaji: "Shoga! Mkamwana wangu amekaa nusu saa hajagusa kitu!"

Cherehani ikanyamaza. "Muongo wewe!"

"Haki ya Mungu! Njoo umwone, bado amekaa!"

Vizazi na vipokee habari hii kama ilivyo: wakaja, mshonaji na mumewe na mteja mwenye suruali isiyo na pindo, wakamkuta shujaa kitini, ganzi imemshika mikono yote miwili, machozi ya furaha yakimtiririka, na Mama Mkwe ndiye anayemfuta.