Kahawa Hainyweki Mpaka Nadhir Apande

La, la, si mpira wa miguu! Magongo, nakwambia. Mpira wa magongo, ule wa kuinama mpaka kiuno kikuulize una ugomvi gani nacho. Ibra, ule mji wa ndani ukitoka Maskati, ilikuwa na watu wanaocheza magongo, na waliokuwa hawachezi ndio wakijua zaidi. Na hao wajuzi walikuwa na mahali pao, barza ya Khalaf, nje ya nyumba yake, ukutani penye kivuli, kila Ijumaa watu wakitoka kusali. Kahawa pale, halafu ndani kwenye sinia. Ndiyo ilikuwa dasturi yao miaka ile, simu za mkononi ndo kwanza zinaingia, na kila mtu anaongea nayo kama anagombana na jirani.

Basi Ijumaa hiyo Zakariya kaingia na gazeti kwapani. Zakariya wakimwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimia.

"Mmesikia?"

"Hatujasikia," kajibu Ishak, "na mnyamavu hapa hayupo, basi tutasikia."

"Timu yetu ya wakubwa imetobolewa! Wawili wamechukuliwa na nadi, klabu kubwa ya Maskati. Gazeti linasema nafasi zao watapewa vijana wa timu ya chini. Wawili tu. Wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu!"

Ishak kaukamata ukingo wa barza kama mtu aliyepandishwa juu ya ngamia bila kuambiwa. Huyu Ishak wakimwita Kipa. Ujana wake alikuwa akidaka magongo Unguja, timu ya vijana, na Januari moja ilikuwa apande kwa wakubwa. Januari ile mambo yakawa mengine, watu wakawa hawatafuti timu, wanatafuta pa kwenda. Basi hakupanda. Hakulisema sana hilo, lakini pedi zake za miguu, hakika, kazivaa roho yake mpaka anazeeka.

Sasa ana mjukuu, Adham, naye kipa. Na huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa Adham kuchezea vijana, umri umekwisha. Akipanda, kapanda. Asipopanda, gongo linakwenda kuning'inizwa ukutani likaliwe na vumbi. Na Khalaf, mwenye barza, ndiye mudiri, mkuu wa timu, neno la kupanda ni lake. Rahisi, au siyo? Ishak kunywa kahawa kwa mudiri kila Ijumaa, amnong'oneze neno moja tu. Lakini usiku wa juzi yake yule mtoto kamfata babu yake, kwa Kiswahili chao hicho cha kuokota okota: "Babu, wewe usiomba kwa Amu Khalaf. Mimi napanda na gongo yangu mwenyewe." Na babu kasema haya. Kasema wallahi.

Basi kakaa nalo rohoni kama tonge la moto.

"Mmoja anajulikana," kasema Redio. "Yule kijana wa Sur, jina lake Alaa. Huyo hana mjadala."

"Hana mjadala," wote wakakubali.

"Imebaki nafasi moja."

"Na hiyo moja ina mwenyewe," kasema Harub.

Harub huyu kazaliwa Tabora, ana duka la matairi njia ya kwendea Sur, na jina lake pale barzani ni Tairi. Kwao bara walizoea kuchanganya Kiingereza, basi na yeye hasemi maneno matatu bila ya kutia moja.

"Mwanangu Nadhir ni fowadi namba wani. Spidi anayo, kontroli anayo. Kila kitu anacho!"

"Isipokuwa magoli," kasema Redio.

"Magoli bahati! Juzi kaupiga mpira mmoja, wewe, hukuuona ulivyotoka?"

"Kutoka niliuona. Kurudi ndiyo sijauona. Wavuvi wa Ashkhara wameuanika pamoja na papa."

Barza yote kicheko. Harub hakucheka. "Cheka. Mtoto ana talanta, mnamwonea choyo. Nani mwengine yupo? Adham?"

"Adham ana nini?" Ishak sauti imempanda kabla ya akili yake. "Adham akisimama golini hata inzi hapiti!"

"Inzi hapiti, mzee wangu, kweli. Mpira unapita."

"Umepita wapi? Lini? Mbele ya shahidi gani?"

"Mechi na wale wa Nizwa! Alikuwa analiangalia goli la mwenzake kama anataka kulinunua!"

"Jua lilikuwa usoni!"

"Jua la saa kumi na mbili? Jua lishakwenda kulala hilo, mzee!"

Khalaf anamimina tu. Anapita na birika, kikombe kwa kikombe, anatabasamu kama daktari wa meno. Mtu mnene, mpole, hapendi kumuudhi hata paka. Ukimuuliza nani atapanda, anakuuliza kama unataka tende.

"Tatizo la nchi hii mwajua ni nini?" kasema Redio. "Wasta. Mtu haangalii gongo, anaangalia mjomba."

"Hapo umesema!" Harub kapiga goti. "Wasta inaua sipoti. Mie siitaki kabisa!"

"Hata mie," kasema Ishak.

"Mtu apande kwa jitihada yake!"

"Naam!"

Wakakubaliana vizuri, mpaka ikatia raha kusikiliza. Ndani Ghaniya, mkewe Khalaf, kapaza sauti nyuma ya pazia. "Khalaf! Wali ushashuka! Mwaingia au mwataka nikuleteeni jioni?"

Redio alikwishasimama. Huyo kwa sinia hangoji kuitwa mara mbili.

Hapo ndipo Harub alipokiweka kikombe chake chini.

Kakiweka kimejaa. Mbele yake, taratibu, mikono juu ya magoti, macho kwa Khalaf. Na wewe ukae uelewe, maana nyinyi watoto wa siku hizi mnaacha vikombe popote. Kwa watu wale kikombe kilichojaa kikiwekwa chini namna ile, huyo si mtu aliyeshiba. Huyo ana haja. Hanywi wala hali ndani ya nyumba ile mpaka mwenye nyumba amwambie, kunywa, ulilolijia umelipata. Na mwenye nyumba kumwachia mgeni wake aondoke na kikombe kimejaa, aibu yake inatembea mji mzima kwa miguu.

Redio karudi kukaa polepole, uso umemshuka kama hema lililokatwa kamba.

"Khalaf bin Yaqoob," kasema Harub, na jina la baba kalitia kabisa. "Nna haja kwako."

"Sema, Abu Nadhir."

"Nadhir apande."

"Lahaula!" kasema Redio. "Si sasa hivi ulikuwa unaipiga mawe wasta?"

"Hii siyo wasta. Hii kahawa."

Khalaf katazama birika, katazama mlima, katazama viatu vyake. Neno moja tu likimtoka yule mtu mpole, kwisha kazi, Adham gongo lake liko ukutani. Na yeye Ishak mdomo keshaufunga kwa kiapo, hawezi kumwombea mtoto. Akili ikazunguka, ikazunguka, ikakuta pa kutokea.

Na yeye kakiweka kikombe chake chini.

"Toba!" kasema Redio.

"Na mie nna haja," kasema Ishak.

"Adham apande," Harub kamwahi. "Twaijua. Ya kwangu imetangulia, mzee, panga foleni."

"Sijamtaja Adham. Nimemwapia sitomwombea. Haja yangu, Khalaf, asipande mtu kwa kikombe cha kahawa. Wa kwangu wala wa mtu. Apande aliyetakiwa na kocha."

Hapo ndiyo ikawa kazi. Mmoja anataka apandishiwe, mwengine anataka asipandishiwe mtu. Ukimpa huyu umemnyima yule. Khalaf mwenyewe hawezi kula, mwenye nyumba hatangulii wageni. Redio hawezi kula, ataingiaje peke yake kama mwizi? Na harufu ya wali inapita juu ya pazia bila ya huruma.

"Tairi, kunywa," Redio kambembeleza. "Kunywa, mtayazungumza ndani."

"Sinywi."

"Kipa, wewe mtu mzima..."

"Sinywi."

"Basi mie nikunyweeni vyote viwili, tuhesabu vimenywewa!"

"Kunywa uone!"

"Jamani mie nna sukari! Daktari kaniambia nisikae na njaa!"

"Daktari kakwambia usile tende," kasema Harub, "na umekwishamaliza sahani."

Sauti ya Ghaniya ikaja tena, safari hii bila ya utamu. "Khalaf! Nampelekea sinia jirani, bibi Fawziya, hapo nyuma ya ukuta? Ana wajukuu, hao hula hawaweki vikombe!"

"Usithubutu!" kapiga ukelele Redio. "Khalaf, fanya kitu! Wewe mudiri au mlinzi wa birika?"

Khalaf kaliweka birika. Kajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Jasho la mtu aliyebeba siri nzito kuliko mwili wake.

"Abu Nadhir," kasema, "haja yako siwezi."

Harub kageuka rangi. "Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi. Nimekwishampa mtu mwengine ahadi. Kaja Jumatano, kakaa hapo hapo ulipokaa wewe, kaweka kikombe."

"Nani?" Harub kamgeukia Ishak kama radi. "Adham! Umemleta mtoto!"

"Wallahi sijamleta!" kasema Ishak, na rohoni anajiuliza. Kwani kweli, akiwa ni Adham? Baada ya kumwapisha babu yake?

"Si Adham," kasema Khalaf. "Nadhir."

"Nadhir yupi?"

"Nadhir wako. Kaniambia, Amu Khalaf, sinywi kahawa yako mpaka unikubalie. Nikamwambia kunywa, umelipata, nikidhani anataka kupanda. Keshakunywa ndiyo kanambia. Hataki kupanda. Hataki magongo kabisa. Anasema miguu yake imekuwa kama mabamia, na kila akikwambia wewe, unamnunulia gongo jipya."

Harub kaiondoa mikono magotini.

"Anataka nini basi?" Harub sauti imekuwa ndogo.

"Anataka kufanya kazi dukani kwako. Matairi. Anasema ndiko anakoona raha. Kanitaka mie nikwambie, na mie tangu Jumatano sina usingizi."

"Na nafasi?" kauliza Redio, huyo kwake habari hutangulia hata maiti.

"Nafasi ya kipa ilikuwa na mwenyewe toka mwanzo!" kasema Khalaf. " Kocha alimtaka Adham kabla ya mtu yeyote, wakubwa hawana kipa wa akiba. Nafasi ya fowadi ndiyo wakigombea Alaa na Nadhir. Nyinyi mmegombana tangu kahawa ya kwanza, yule wa golini na yule wa mbele, hawajawahi kugombea nafasi moja!"

Ishak alitaka kucheka, kulia, kuruka, vyote kwa pamoja. Adham kapanda. Kwa gongo yake mwenyewe, kama alivyosema. Lakini akageuka, akamwona Harub anatafuta ndala zake kwa mguu.

"Wapi?"

"Nakwenda zangu," kasema Harub. "Nimeomba nimenyimwa. Mtu hali mahali aliponyimwa."

Na kweli, ndivyo ilivyo. Siku ile Harub angelitoka na njaa mlango ule, barza ile ilikuwa imekufa, usitake mtu kukwambia.

Ishak kakiokota kikombe chake, kakisogeza, kakiweka mbele ya Harub.

"Na huyu tena!" kasema Redio.

"Haja hii si kwa Khalaf, kwako wewe. Kaa. Mjukuu wangu keshapanda, nitakwenda uwanjani kila wiki, na nikae na nani? Na huyu Redio, asiyejua gongo kushikwa upande gani? Nani atanizomea Adham akifungwa?"

"Mie si mwenye nyumba, mzee. Haja haiwekwi kwa mgeni mwenzio."

"Nimeiweka."

Harub kasimama, ndala moja mguuni, moja mkononi. Kamgeukia Khalaf. "Hebu nambie. Alikaa vipi?"

"Nani?"

"Nadhir. Siku hiyo. Alikaa vipi?"

"Kama wewe. Kikombe kimejaa, hakikumwagika tone. Mikono magotini. Kanitaja mpaka jina la baba."

"Mpaka jina la baba?"

"La baba na la babu. Kwa Kiarabu kizuri."

"Mtoto yule salamu tu nyumbani namfundisha kwa bakora," kasema Harub, na midomo ikaanza kumcheza. "Kaja peke yake, kaweka kikombe mbele ya mudiri! Mmeona? Nani wenu ana mtoto kama huyo? Adham wako anajua kuweka kikombe, mzee?"

"Hajui," kasema Ishak. "Hajui kitu. Kudaka tu."

"Dukani kwangu atakuwa meneja, wallahi. Fasti." Kaivua ndala. Kakichukua kile kikombe cha Ishak, kahawa imepoa kama maji ya kisima, kakimeza kwa mara moja, kakitikisa, ishara ya kuwa basi. "Umelipata ulilolijia, mzee. Kunywa na wewe."

Ishak kakinywa kile cha Harub, kichungu, kitamu.

Wakaingia. Ghaniya alikuwa kaliweka sinia na kaondoka, hasira zake kaziacha juu ya pilipili. Wamekaa duara, bismillahi haijakwisha, Harub mkono hewani, hausogei.

"Nini tena?" kasema Khalaf, kilio karibu.

"Haja ile ya mwanzo naibadilisha, Khalaf. Nataka lile paja la nyama alilolivutia Redio upande wake."

"Umelipata!" kasema Khalaf, na kabla Redio hajafungua mdomo, paja limekwishahama, na watu wote wamekula.