Manusura wa Alhamisi

"Nimepambana na biashara ya binadamu katika mabara matatu!" alitangaza Bi Mkurugenzi, na kipaza sauti kikatetemeka kwa heshima. "Na katika kazi yote hiyo sijawahi kumtia machoni mfanyabiashara hata mmoja. Hapo ndipo mjue wanavyoniogopa!"

Ukumbi ukapiga makofi. Watu walikuwa wamekwisha kula, na aliyeshiba hana ugomvi.

Tusimwonee, mama wa watu alikuwa mchapakazi. Taasisi yake ya Kimataifa ya Kutokomeza Usafirishaji Haramu wa Binadamu ilikuwa na fulana, kofia, miavuli, na Kamati Ndogo ya Kufafanua Neno Binadamu, ambayo vikao vyake vilikuwa vinaendelea kwa sababu wajumbe hawakuafikiana kuhusu wapishi na madereva. Yeye mwenyewe alipanda ndege hadi miguu ikamvimba, akiulilia utumwa katika hoteli zenye mito minne kitandani. Sasa kilibaki cheo kimoja tu, ukubwa wa makao makuu huko ng'ambo. Mkaguzi angekuja Alhamisi kumpima, na aliomba jambo dogo: azungumze na mtu mmoja aliyeokolewa.

"Mmoja tu?" Bi Mkurugenzi alimcheka katibu wake. "Mwandalie watatu."

"Hatuna, bosi."

"Basi mmoja."

"Bosi, hatuna ndiyo hatuna. Fungu la kuokoa tulilihamishia kwenye miavuli."

Bi Mkurugenzi hakutetereka. Kiongozi bora hutumia rasilimali zilizopo. Jioni alirudi nyumbani, akajitupa kwenye kochi, akanyoosha miguu bila hata kutazama. Binti wa kazi, jina lake Kimya, akapiga magoti, akamvua viatu, akaanza kumkanda vidole kama kila siku.

Kimya alikuwa binti aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mpaka kwa ahadi ya chuo cha ushonaji. Chuo kilikuwa karibu kufunguliwa, mwaka wa nne huu. Alimwita Bi Mkurugenzi shangazi, ingawa hawakuchangia hata babu. Wageni hupenda kusikia hivyo. Kitambulisho chake kilihifadhiwa kabatini kisije kikachafuka, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa shangazi, ubavuni mwa mkufu wa dhahabu.

"Alhamisi utaigiza," alisema Bi Mkurugenzi. "Utasema uliamka kabla ya jogoo, ulilala jikoni, mshahara uliusikia kwa majirani, na kitambulisho ulifungiwa. Utayaweza?"

"Hayo nayaweza, shangazi. Nifundishe ya kuokolewa."

"Hayo nitasema mwenyewe. Na ole wako uniite shangazi! Mimi na wewe hatujuani."

"Nikimaliza utanipa kitambulisho changu? Mama anaumwa, nataka nikamwone."

"Ukiigiza vizuri, tutaliundia kamati."

Alhamisi ikafika, na Mkaguzi naye akaingia ofisini, mzee mpole wa kusikiliza. Kimya akasema yake, polepole, bila kukosea, hata la kitambulisho kufungiwa kabatini na ufunguo kuvaliwa shingoni. Katibu akalia. Hata Bi Mkurugenzi ikabidi atoe leso.

"Jamani," alisema, akipenga kamasi, "kuna watu hawana utu!"

"Na aliyekufanyia haya yuko wapi, mwanangu?" Mkaguzi akauliza.

"Hayuko mbali, mzee."

"Amekimbia nchi!" Bi Mkurugenzi akadakia. "Tumemsambaratisha!"

"Wewe, bibi, ulikuwa unamfahamu binti huyu kabla?"

"Nimfahamu wapi mimi? Ndiyo kwanza namwona leo asubuhi, haki ya Mungu!"

Mkaguzi akatikisa kichwa taratibu, akafunika kalamu yake. Bi Mkurugenzi akashusha pumzi ndefu. Harufu ya cheo ilikwisha mfika puani. Akajitupa kwenye kochi la wageni, akafumba macho, na miguu yake, ambayo haikuhudhuria mazoezi, ikajinyoosha yenyewe.

Kimya akapiga magoti. Viatu vikatoka, kimoja, cha pili.

"Shangazi, leo kinauma kidole cha kushoto au hiki?"

"Hicho hicho. Kanda taratibu, usinivunje."

Feni ya ofisi ikasikika kama inayopiga kelele za makusudi. Bi Mkurugenzi akafumbua jicho moja, halafu la pili.

"Ni... ni mila za kwao," alisema. "Huwavua wageni viatu."

Mkaguzi akaitazama miguu yake mwenyewe. Alikuwa mgeni pekee chumbani, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kamba barabara.

"Hongera sana, bibi," alisema. "Mabara matatu hujamtia machoni hata mmoja, leo umetuletea mzima mzima. Sasa naomba huo ufunguo ulioko shingoni."

Kimya alikuwa amekwisha simama, kiganja wazi.

"Huu?" Bi Mkurugenzi akaufunika kwa leso. "Huu ni wa kabati la ofisi!"

"Bosi," alisema katibu, aliyekuwa hajaambulia hata mwavuli mmoja, "kabati la ofisi si tuliliuza?"